Alama za Mabegani

Miaka ile ya vita, kwenye kizuizi kilichokuwa kati ya Oicha na Beni, mwanaume hakuulizwa kitambulisho kwanza. Aliambiwa avue shati. Askari walitazama mabega yake, na wakiona alama ya mkanda, ule mstari mweusi unaobaki ngozini baada ya kubeba kitu kizito kwa muda mrefu, walisema hiyo ni alama ya bunduki. Mtu huyo hakuendelea na safari. Jirani yetu pale Beu, mtaa wetu wa Beni, mpasuaji wa mbao, alishikwa hivyo. Bega lake lilikuwa na alama kwa sababu maisha yake yote alibeba mbao begani. Mkewe alikwenda kuwaeleza askari, akarudi na viatu vya mumewe.

Mume wangu alikuwa mwindaji. Ndiyo maana nyumbani kwetu mfuko wa kubeba mgongoni ulikuwa jambo la kufa na kupona, na tuligombana juu yake kuliko tulivyogombana juu ya kitu kingine chochote. Na sisi tulikuwa watu wa kugombana.

Kazi yake ilikuwa ya kutega nyaya msituni, ng'ambo ya mashamba ya kakao ya Oicha, mahali ambapo mtu hafiki na kurudi siku moja. Alikwenda na unga wa muhogo, chumvi, kisufuria, blanketi na nyaya zake. Alirudi na nyama iliyokaushwa kwa moshi: mboloko, yule paa mdogo wa msituni, na nungunungu akiwa na bahati. Kila uzito wa mfuko wenyewe ulikuwa nyama iliyoachwa nyuma. Hayo ni ya zamani, hata baba yake aliyajua. Vita ilileta hesabu nyingine: mfuko mzuri ni ule ambao mtu anaweza kukimbia nao.

Mfuko wake wa kwanza ulikuwa gunia la mchele. Mikanda aliikata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na ilimkata yeye. Alirudi mabega yamechubuka, yana mistari miwili myeusi ambayo hata kipofu angeihisi kwa vidole. Baada ya yule mpasuaji mbao kuchukuliwa, nilimwambia gunia lile halitoki tena nyumbani kwangu.

Mimi dawa niliijua. Sisi wanawake wa kwetu tunabeba kitunga, kikapu chetu, mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso. Shingo ndiyo inayofanya kazi, mabega yanapumzika. Ukimwona mwanamke aliyezeeka na kazi utaona bonde dogo pale juu ya nyusi, na hakuna askari aliyewahi kulitazama. Lakini mwanaume wa kwetu habebi hivyo. Akionekana na kamba kichwani, watu watauliza kama mke wake amekufa.

"Papa, beba na kitunga," nilimwambia. "Kamba ya kichwa hapana acha alama ku mabega."

"Miye niko mwanaume," alijibu. "Kama unapenda kamba ya kichwa, jifunge weye."

"Nafungaka kila siku. Weye ndiye unaogopa bacheke."

"Basi bacheke weye, miye niache."

Alikuwa na kichwa kigumu, Mungu wangu. Ukimwambia mvua inakuja, alitoa kiti nje akakaa.

Tulipanda lori hadi Butembo kutafuta mfuko kwa wauza mitumba. Mama yake aliteremka kutoka Kipese na viazi vyake vya kuuza, tukakutana naye sokoni. Alikuja na kitunga kimejaa, kamba ikiwa juu ya paji, akitembea kama mtu asiyebeba kitu. Nilimtazama mume wangu. Akatazama pembeni.

Mifuko ilikuwa imening'inizwa kwenye mti mmoja mrefu, na mume wangu aliipitia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa mkubwa, una chuma mgongoni na mifuko midogo pande zote. Aliuinua ukiwa mtupu, akautua chini. Ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala. Wa pili ulikuwa wa kijani, rangi ya majani, mwepesi, na mikanda yenye vishikizo vya plastiki. Macho yake yaling'aa. Aliuvaa, akageuka nimwone. Niliuvua mgongoni mwake kwa mikono yangu mwenyewe nikaurudisha kwenye mti, maana rangi ile ilikuwa ya jeshi. Mtu mwenye mfuko ule msituni angepigwa risasi na upande huu kwa kudhaniwa wa upande ule, na akikimbilia upande ule wangempiga pia.

Wa tatu ulikuwa wa rangi ya majivu, zipu imekufa. Alisugua kitambaa chake karibu na sikio, maana kuna vitambaa vinavyolia kama majani makavu na mnyama anavisikia kabla hajamwona mtu. Ule haukulia. Mikanda yake ilikuwa mipana, ina sponji ndani. Haukuwa na chuma hata kidogo, na ukikunjwa ulikuwa mdogo kama kanga. Alichukua viazi vya mama yake, akavijaza, akapanda na kushuka mteremko wa soko. Alichuchumaa. Aliruka. Watu walianza kukusanyika.

"Papa," muuzaji alisema, akiugusa mfuko mgongoni mwake, "uko nanunua sakado ao uko naoa?"

"Kuoa ni rahisi," mume wangu alisema. "Miye nilioa mbio mbio, ona."

Watu walicheka, na mimi nilicheka pia, ingawa nilimfinya.

Mama yake hakucheka. Aliuinua mfuko mtupu kwa kidole kimoja, akaushusha.

"Mufuko ni mwepesi," alisema. "Lakini nyama itakuwa nzito tu. Mabega itajua."

Tulinunua ule wa majivu. Nilishona vifungo mahali pa zipu, nikaongeza kipande cha blanketi chini ya mikanda. Kusema kweli ulikuwa mfuko mzuri. Alileta nyama zaidi, hakuchoka sana, na mikwaruzo ya mpira ilipona. Lakini mama mkwe alikuwa amesema kweli. Badala ya mistari miwili myeusi sasa kulikuwa na alama mbili pana zilizofifia, na askari wa kizuizi walikuwa na macho.

Kwa hiyo tukatengeneza utaratibu wetu. Akitoka msituni hakuja Beni. Alisimama Oicha, kwa shangazi yake, na mimi nilimfuata huko. Nilimkanda mabega kwa maji ya moto na mawese, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ikawa ya rangi moja. Nyama niliibeba mimi, kwenye kitunga, na kamba kichwani. Kizuizini askari walichukua kipande chao, wakaniruhusu. Yeye alipita nyuma yangu mikono mitupu, akavua shati, akavaa shati.

Nilizipenda siku zile za Oicha, na sioni aibu kusema. Alikaa kwenye kigoda, kifua wazi, akilalamika kwamba viganja vyangu ni vikali. Nilimwambia viganja hivyo vilikuwa laini siku aliponioa, basi ajiulize vimeharibikia wapi. Lakini safari baada ya safari malalamiko yalipungua, na mara ya mwisho hakulalamika kabisa.

"Kuko mutu nafungua nyaya zangu," alisema. "Hapana kata. Nafungua moja moja, nabeba."

"Muwizi."

"Muwizi anakamataka nyama. Huyu anaacha nyama mu njia, anakamata waya."

Nilimuuliza ni mtu gani. Alisema hajui, na kwamba alikuta pia jivu la moto likiwa na joto bado, na njia pana iliyokatwa mahali ambapo hakuna shamba. Nilimwambia asirudi msituni. Alisema tutakula nini. Sote wawili tulikuwa na haki.

Kesho yake asubuhi, maji ya moto yakiwa bado jikoni, tulisikia milio upande wa kaskazini. Kwanza ilikuwa mbali, watu wakasema ni mbao zinaangushwa. Kisha majirani walianza kupita na magodoro. Shangazi alishika njia ya shamba lake. Sisi tulikuwa na watoto Beni kwa dada yangu, na njia ya Beni ilikuwa moja tu. Mabega yake yalikuwa hayajapona. Nilimwambia tupite vichakani. Alisema anayepita vichakani siku kama ile ameshajihukumu mwenyewe, na hapo sikubishana naye.

Alikunja mfuko, nikauweka chini kabisa kwenye kitunga changu, nyama juu yake. Tulitembea na umati. Ndege hawakulia, au mimi sikuwasikia.

Kizuizini kamba ilikuwa imekazwa kukata njia. Pembeni, chini ya paa la majani, wanaume kadhaa walikuwa wamekaa udongoni karibu na masanduku ya mbao. Sikuyajali masanduku yale. Niliangalia mikono ya askari.

"Longola chemise," alisema mmoja.

Mume wangu alivua shati. Askari alimzunguka, akasimama nyuma yake, akaita mkubwa wao. Mkubwa alibonyeza bega kwa kidole gumba, kama mtu anayenunua parachichi.

"Hii ni nini?"

"Sakado, chef. Niko muwindaji."

"Bote banasemaka hivyo. Sakado iko wapi?"

Nilitua kitunga. Nilitupa nyama njiani, kipande kwa kipande, nikauchomoa mfuko, nikaukunjua mbele yake. "Chef, iko hapa. Angalia. Miye nilishona hii vifungo." Aliuchukua, akauweka mkanda mmoja juu ya alama moja na mwingine juu ya ya pili. Vililingana kabisa. Alivuta midomo, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli. Huyu hapana beba bunduki."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mume wangu alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye shati.

"Anajua kubeba," mkubwa alisema. "Muweke na bale bengine."

Ndipo nilipoyaona yale masanduku. Yalikuwa ya risasi, na wale wanaume walikuwa migongo iliyokwisha kuchaguliwa. Tulikuwa tumeogopa kwamba wangemwona mpiganaji. Hatukufikiri hata mara moja kwamba wangeona mchukuzi mzuri. Nililia, nilimshika yule mkubwa mkono, nilisema watoto, nilisema ugonjwa ambao mume wangu hakuwa nao. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na askari wale waliiamini methali hiyo kwa moyo wote. Walimfunga sanduku mgongoni kwa kamba za nailoni, kwenye mabega yaleyale. Mkubwa aliuinua mfuko wa majivu kwa kidole kimoja, akaona ni mwepesi, akauvaa yeye.

Mume wangu alinigeukia.

"Okota nyama," alisema. "Usiuze yote. Uachie batoto."

Kuna watu wamenishauri nijute kwa kuutoa mfuko ule. Sijuti. Nisingeutoa, wangempeleka alikopelekwa mpasuaji mbao. Ninachobaki nacho ni hasira, na ninaitunza vizuri.

Nilingoja. Nilikwenda kizuizini na kitunga changu mara nyingi, nikiuliza, mpaka askari wale wakabadilishwa na wengine ambao hawakujua ninachouliza. Kisha siku moja, mchana, watoto wakiwa wanakula, fundi cherehani wa mtaa wetu alisimama mlangoni. Alikuwa mmoja wa wale waliokaa karibu na masanduku. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa. Nilimpa kiti, nikampa chai, akaishika bila kuinywa.

Alisema waliwapeleka milimani na kisha msituni tena. Kamba za nailoni zilikula mabega mpaka yakaoza. Aliyeanguka hakungojwa. Walisonga mbele kidogo, wakasikia mlio mmoja nyuma yao, na hakuna aliyegeuka. Yeye fundi aliponyoka kwenye mto, askari walipochanganyikiwa na mvua.

"Na papa wa huku?" nilimuuliza.

Alitabasamu. Alifurahi kuwa na kitu cha kunipa.

"Alikuwa natembea muzuri, mama. Kuliko siye bote. Mabega yake iliisha, basi alikamata kamba akaipitisha huku." Alijigusa paji la uso. "Sawa bamama. Askari balicheka sana. Yeye akaendelea tu. Mbele ya muto akaniambia: ukifika, umuambie bibi yangu, eko na raison."

Fundi alingoja nifurahi. Watoto walinitazama. Katika ndoa yetu yote mume wangu hakuwahi kuniambia kwamba niko sahihi, hata siku mvua ilipomlowesha pamoja na kiti chake. Nilimjua. Asingekubali kwamba nimeshinda kama alifikiri tutakaa tena pamoja tubishane.

"Hapana," nilimwambia fundi.

"Mama?"

"Hapana. Miye siko na raison. Ukimuona, umuambie vile."