Penalti ya Nne

Nimepigwa na mama kwa kuvunja chungu cha maji, nimepigwa na kungwi kwa kucheka pasipotakiwa kucheka, na mimi pia nimepiga watu, sitajitia utakatifu hapa. Lakini kipigo kilichonitoa Nachingwea kilikuwa cha penalti, na mpira wenyewe sijaugusa hata siku moja maishani mwangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya karanga, zama zile Wazungu walipokuwa wanang'oa misitu yetu. Mimi Mmwera wa Mbekenyera, yeye kwao ng'ambo ya Ruvuma. Tulipewa nyumba kwenye safu ya madereva, tukapata mtoto wa kike, na mimi nikawa napika mihogo na chai nauza pembeni mwa uwanja wa mpira. Siku za mechi nilikuwa napata wateja hadi nachanganyikiwa, maana mume wangu ndiye aliyekuwa mpigaji wa penalti wa timu ya madereva. Mguu wake wa kulia uliheshimiwa kuliko mnyapara. Akipita watu wanamwachia njia, na mimi nyuma yake nimeinua shingo, najiona malkia na ndoo yangu ya chai.

Basi siku moja kazini mambo yakaharibika. Miti ilikuwa inaangushwa kwa mnyororo mzito, huku unavutwa na trekta hili na huku na lile. Tawi likakatika, kipande kikaruka kikampiga kwenye jicho la kulia. Alimwambia mnyapara kwamba ni vumbi tu. Akaja nyumbani ameufunika uso kwa kofia, akakaa chini, nami nikamkamulia maziwa yangu jichoni, maana mtoto alikuwa bado ananyonya. Uvimbe ulikwisha baada ya siku chache. Jicho likabaki zuri kabisa, ungeliangalia usingeona kasoro, lakini lilikuwa limekufa. Nikipitisha mkono upande ule hashtuki.

Aliniapisha. Alichukua Kurani ya jirani akaiweka mapajani mwangu, akasema dereva wa jicho moja hapewi trekta, atapewa jembe kama wengine au atarudishwa kwao, na nyumba hii itaingia mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Nikala kiapo. Nilikuwa nampenda, na nyumba nilikuwa naipenda pia, kwa nini niseme uongo. Ilikuwa na bati.

Penalti ya kwanza baada ya hapo ilipaa juu ya mwamba ikaenda kuokotwa kwenye visiki. Ya pili aliipiga ardhi, vumbi likaenda golini, mpira ukabaki. Ya tatu ilipita mbali na mlingoti hata golikipa hakujisumbua kuinama. Mtu wa jicho moja haoni mpira uko umbali gani na mguu wake. Mimi nilijua, yeye alijua, na Mungu alijua. Wengine wote walikuwa na maneno.

Na maneno yenyewe yalikuwa yanasemwa kwangu, wakiwa wameshika vikombe vyangu. Fundi wa matairi, Mmakonde mmoja mwenye sauti ya kukoroma, alishikilia kwamba kosa ni la viatu. Alipokuwa anapiga pekupeku alikuwa anafunga, tangu apewe viatu mguu umepotea. Mpishi mmoja wa Wazungu akasema viatu havina neno, jamaa amehongwa na watu wa Ruangwa, kaonekana anakula kuku.

"Kula kuku ni hongo?" fundi wa matairi akamuuliza.

"Kuku siku ya Jumanne? Sikukuu gani hiyo?"

"Wewe kila siku unakula kuku wa Mzungu, umeuza mechi ngapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kuku yule nilimpika mwenyewe. Mpaka hapo ulikuwa utani wa kawaida, watu wanatukanana makabila yao halafu wanaazimana tumbaku.

Kisha akazungumza mlinzi wa karakana. Huyu zamani alikuwa mwindaji, gobore lake alikuwa analizungumzia kama mtu anayemzungumzia marehemu mkewe. Mdomo wake haukuwa na likizo. Akasema, ninyi mnababaika na viatu na kuku, mmesahau mila. Mwindaji akikosa mnyama mara moja, ni bahati mbaya. Akikosa mara ya pili, ataangalia baruti. Akikosa mara ya tatu, anarudi nyumbani kumuuliza mkewe.

Kila Mmwera, kila Myao na kila Mmakua aliyekuwa pale alimwelewa. Kwetu mume akiwa porini kuwinda, mke anakaa kwa adabu. Hagombani na mtu, hatembei ovyo, na mwanaume mwingine hamgusi. Akiguswa, risasi ya mumewe inapinda. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, nami mwenyewe nilikuwa naamini. Wazo la kuipeleka mila hiyo kwenye mpira lilikuwa la mlinzi peke yake, lakini niliwaona watu wanainua vichwa, halafu wote wananitazama mimi.

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilichukua birika nikammwagia chai kifuani, chai ya moto inayochemka. Alipiga yowe akachana shati lake mwenyewe. Nikamwambia akitaka kujua nani kanigusa aende akamuulize mama yake. Laiti ningejua ningeimimina ile chai chini. Maana wale watu walisema mwanamke asiye na kosa angelia, huyu kaunguza mzee wa watu, basi liko jambo.

Jioni ile nilimwambia mume wangu aseme ukweli, hata kwa kepteni wa timu peke yake. Alikuwa anakula. Akasema mechi na Ruangwa ni Jumamosi, wacha ipite, maneno hayaachi kovu. Nikamwambia wananiita malaya. Akasema watachoka. Akanawa mikono, akalala upande wa jicho zima, kama kawaida yake siku hizo.

Hawakuchoka. Walianza kumtafuta mwanaume, na wakampata, fundi cherehani mmoja aliyetoka Lionja. Kosa lake lilikuwa kununua muhogo kwangu kila asubuhi na kunichekesha. Alikuwa anajua kuigiza mwendo wa kila mnyapara, nami nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. Walikumbuka kile kicheko. Pia aliwahi kunishonea gauni, kwa hiyo wakasema ameshanipima mwili.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, walimvuta barazani pale alipokuwa anashona. Nilikuwa upande wa pili wa barabara na mtoto mgongoni. Walikuwa labda kumi na watano, wengine bado wamevaa kofia za sala. Mmoja alikuwa na mnyororo wa baiskeli. Walimpiga mgongoni mpaka shati likashikamana na nyama, na alipoinua mikono kujikinga uso, wakaona hiyo ndiyo mikono iliyonipima. Wakamlaza mkono wa kulia juu ya meza ya cherehani yake mwenyewe, wakaugonga kwa pasi ya mkaa. Nilisikia vidole. Hadi leo nikisikia mtu anavunja kuni nyembamba natoka nje.

Neno moja langu lingemwokoa. Ningesema "jicho lake limekufa", wangeduwaa, wangesita, labda wangeenda kumpima. Neno lilifika hapa kooni. Nikafikiria kiapo, nikafikiria bati, nikafikiria mtoto atalala wapi. Nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata msibani.

Kutoka kwa fundi walikuja kwangu. Nilikimbia nikafika nyumbani kwanza, na mume wangu alikuwepo, amerudi kutoka sala. Nikasema moyoni, sasa yamekwisha, ataongea. Walijaa uani. Mlinzi wa karakana alikuwa mbele na kifua chake kimepakwa mafuta ya nyonyo. Akamwambia, "Mwanangu, kesho unaingia porini. Utaingia na nyumba chafu?"

Mume wangu alinitazama. Alinitazama sawasawa, ilibidi ageuze kichwa ili jicho zima linipate. Nilimwona anapima. Upande mmoja trekta, upande mwingine mimi. Kisha akafungua mkanda wa suruali.

Alinipigia pale pale uani. Nilimkabidhi jirani mtoto kabla ya pigo la pili, la kwanza nililipokea naye mgongoni, likamkosa kidogo. Alinipiga mabegani, akanipiga miguuni, bamba la chuma la mkanda likanichana sikio. Kilichonimaliza nguvu si mkanda. Kila alipoinama karibu yangu alikuwa ananong'ona, "Lia. Lia waridhike." Ananipiga huku ananiomba nimsaidie. Sikulia. Kwa hiyo alipiga zaidi, na watu wakasema mmeona, ana kiburi, ni kweli. Mpaka nilipoanguka na kutapika ndipo mlinzi akasema inatosha, nyumba imesafishwa.

Waliniamuru nishinde ndani Jumamosi, nikae mkekani, nisile chumvi, nisiongee na mtu mpaka mpira uishe. Nilikaa mpaka niliposikia kelele za uwanjani. Nikajifunga kanga kichwani kufunika sikio, nikambeba mtoto ubavuni kwa sababu mgongo haukubali kitu, nikaenda. Nilitaka akose. Nasema bila haya: niliomba dua akose, apige hewa aanguke kifudifudi, wote waone kwamba wamenipiga bure na wamemvunja yule kijana vidole bure.

Malori ya Ruangwa yalikuwa yamejaa watu, na kaka yangu alikuwa mmojawapo, maana Mbekenyera ni upande wa Ruangwa. Kaka yangu huyu ndiye mwenye sauti juu yangu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mume akikutenda vibaya kaka ndiye anayesimama mbele ya wazee kukudai. Nilimwona kwa mbali, nyuma ya goli, anashangilia timu yao. Sikumfuata. Nilisema mechi ikiisha, atakaponiona sikio, hapo ndipo patachimbika.

Ilikuwa bado hakuna goli refa alipoonyesha penalti kwetu. Mume wangu akauweka mpira, akarudi nyuma. Nikaona anageuza kichwa kidogo kuutafuta, nikajua hajui ulipo. Akakimbia. Mguu ukaupiga mpira pembeni, si alipotaka, ukamgonga ugoko wa mguu mwingine ukabadili njia. Golikipa alikuwa ameshajitupa kushoto. Mpira ukaenda kulia, polepole, unadunda dunda kama chura mgonjwa, ukavuka mstari.

Walimbeba. Walimbeba na mlinzi pia. Watu waliokuwa wananijua walipita karibu yangu wakinitazama bila hasira, kwa ile huruma ya kumtazama mtu aliyekamatwa na akakiri. Mwanamke mmoja mpika pombe alinishika bega lililopasuka akaniambia, "Umesafishwa, dada, usirudie." Siku ile Nachingwea nzima ilifurahi, mimi nililia kwa mara ya kwanza tangu nianze kupigwa. Nilipopenya hadi nyuma ya goli kumtafuta kaka, malori ya Ruangwa yalikuwa yameshaondoka.

Mume wangu alirudi ameshiba nyama na sifa. Akasema umeona, yamekwisha. Akataka kunipaka dawa sikioni. Niliuchukua mchi wa kinu nikampiga nao goti la kulia, kwa nguvu zangu zote, na nilimsikia akiita jina la mama yake. Nikakunja nguo zangu. Hakuweza kunifuata.

Nilitembea siku mbili na mtoto, nikalala Ruangwa kwa shangazi, kesho yake jioni nikaingia Mbekenyera. Mgongo ulikuwa umeshika usaha. Mama alinivua kanga, akaniosha kwa maji ya majani. Kaka yangu alikuwa ameshafika na lori, siku moja kabla yangu. Nikasubiri mama amalize, kisha nikavunja kiapo. Nikawaambia yote: tawi, maziwa, jicho, kuku, fundi wa Lionja na vidole vyake, mkanda na yale maneno ya kunong'ona. Nikamwambia kaka aende kwa wazee anidai haki yangu, na amtafute yule fundi, yeye pia anadai.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na machozi, sitamsingizia kwamba hakunihurumia.

"Dada," akasema, "mimi nilikuwa nyuma ya goli. Mpira niliuona kwa macho yangu. Mtu wa jicho moja hawezi kumpeleka golikipa kushoto halafu akaupeleka mpira kulia."

Nikamwambia ulimgonga ugoko. Akatikisa kichwa. Akavuta kigoda akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kabisa kama yule fundi cherehani nilimpenda, au alinidanganya tu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji mkononi. Naye alikuwa anasubiri jibu.