Kisogo cha Okrye na Brashi ya Duara

Haya, mmeshinda. Tangu sikukuu ya mavuno mnanikalia kooni niandike habari za Okrye na brashi yake, utadhani mtaa mzima hauna waliokwenda shule. Wapo, tena wana miwani. Lakini ikija kazi ya kuandika habari ya kisogo cha mtu, wote hukumbuka ghafla kwamba hata mimi najua herufi. Nitaandika. Ila asinisahihishe mtu.

Okrye ni yule mjane mwenye duka la vitoweo kwenye kona ya soko la chini, hapa Suncheon, mama yake Haein. Kabichi yake ya kuchachusha watu huifuata kutoka vitongoji vya mbali. Alijaliwa mikono, akajaliwa ulimi, na ilipofika zamu ya nywele ghala likawa tupu. Nywele zake ni nyembamba kama zile nyuzi za hindi bichi, na kazi yake ni moja tu, kulala. Zinalala asubuhi, zinalala mchana, hata upepo ukivuma hazijishughulishi. Na chini ya hizo nywele kuna kisogo bapa kama kibao cha kukatia figili. Marehemu mama yake alikuwa akimlaza chali kwenye sakafu ngumu inayopashwa moto kwa chini huku yeye yuko shambani kutwa, na fuvu la mtoto mchanga hufuata sakafu.

Miaka yote dawa ya Okrye ilikuwa ile ya wanawake wote wa soko: kalikiti. Unakwenda kwa Mkurugenzi, anakuzungushia rola, anakumwagia dawa inayonuka yai viza, unatoka na kichwa kama koliflawa, na hakuna anayejua kisogo chako kinaanzia wapi. Mkurugenzi ni mwenye saluni. Anaongoza viti viwili na birika la chai, lakini kwetu mwenye mkasi lazima aitwe mkurugenzi, la sivyo nywele hazikatiki.

Sasa Haein, ambaye anafanya kazi Seoul, akapata mchumba, kijana anaitwa Junmo. Ikapangwa siku ya wazazi kukutana, na wazazi wa Junmo wakasema watateremka wao kwa treni hadi huku kwetu, kwa heshima. Haein akapiga simu.

"Mama, naomba kitu kimoja. Siku hiyo usije na kalikiti."

"Kalikiti yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Ila mama yake Junmo nywele zake ni za kupiga draya, zimeumuka hapa utosini, zimetulia pembeni. Wewe utaonekana kama…"

"Kama nani?"

"Kama mama wa sokoni."

"Mimi ni mama wa sokoni."

"Najua, Mama," Haein akasema, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari.

Hilo "najua" lilimkaa Okrye kifuani kama mwiba wa samaki. Mtoto aliyemlea kwa pilipili na vitunguu saumu anamwonea haya. Akaapa kwamba atawakabili wakwe na kichwa ambacho hakuna atakayekihurumia, kichwa kilichoumuka kama mkate, na Haein akikiona hatatamani kumficha mama yake nyuma ya mlango.

Akaenda kwa Mkurugenzi akakatwa kalikiti yote, nywele zikaishia kwenye taya. Hapo mambo yangekwisha salama, lakini Mkurugenzi ana mdomo.

"Mama Haein, siku yenyewe njoo asubuhi nikupige brashi. Usijaribu peke yako. Kisogo hiki ni bapa mno, nzi akitua anateleza."

Wanawake waliokuwa wakisubiri wakacheka hadi rola zikatikisika. Mama Gilsu, yule muuza samaki, alicheka kupita wote, na yeye kisogo chake si cha kujivunia. Okrye akasimama na shuka la saluni bado liko shingoni.

"Nitajipiga mwenyewe," akasema, akatoka nalo.

Kwenye duka la vipodozi kulikuwa na msichana mwenye kucha ndefu na brashi za duara ukuta mzima. Okrye hakuhitaji ushauri. Akashusha iliyo kubwa kuliko zote, ya bati yenye matundu, nene kama figili ya msimu wa baridi.

"Bibi, hiyo ni ya nywele ndefu," msichana akasema. "Zako ni fupi, hazitaizunguka hata mara moja."

"Bibi nani?"

"Samahani, mama. Nasema hazitaizunguka."

"Mimi nataka nywele ziwe kubwa, wewe unataka kuniuzia brashi ndogo. Hesabu za wapi hizo?"

Akaenda nayo. Nyumbani nywele zikateleza juu ya bati kama tambi juu ya sahani. Bati likapata moto, nyuzi mbili tatu zikanuka kuungua, na zilizobaki zikalala chini kuliko zilivyokuwa kabla, safari hii zikiwa zimepigwa pasi. Kesho yake akarudi dukani.

"Ile ina kasoro," akasema.

Msichana hakubisha. Akamshushia brashi ya kati, ya mbao, yenye manyoya ya nguruwe yaliyochanganywa na nailoni kidogo. "Hii ndiyo ya nywele nyembamba, mama. Inashika bila kung'ata. Unaiweka kwenye mizizi, unanyanyua juu, unapuliza moto, halafu unaiacha ipoe ndipo unatoa. Usikimbilie ile ndogo kule. Hiyo nywele huizunguka mara nyingi, mwisho zinajifunga."

Okrye alisikia vizuri sana. Shida ni kwamba brashi ya kati, ya mbao, yenye manyoya ya nguruwe, ndiyo ile ile inayoning'inia ukutani kwa Mkurugenzi. Kuinunua ni sawa na kwenda kumpigia magoti. Kwa hiyo, kwa akili zake timamu, akachukua ile ndogo, nyembamba kama mchi wa kutwangia saumu, yenye manyoya ya nguruwe yaliyosongamana kama nyasi.

Asubuhi ya siku ya wakwe akaanza kazi mapema. Utosini alifanikiwa, nywele zikasimama kidogo, kwa shingo upande. Akahamia nyuma, na nyuma hana macho. Akashika fungu zima la nywele mbichi, akalizungusha kuanzia nchani mpaka ngozini, akawasha draya, akapuliza kama anayechochea jiko la mkaa. Alipovuta, brashi haikuja. Akavuta tena, yakaja machozi. Akazungusha kinyume, fundo likakaza.

Mtu akichanganyikiwa hushika anachokijua. Okrye akashika chupa ya mafuta ya ufuta, yale ya kukamua mwenyewe, akajimiminia kisogoni. Brashi haikung'oka. Sasa alikuwa na brashi kisogoni na ananukia kama mchicha uliokwisha kuungwa.

Akajifunga mtandio, mpini ukachomoza nyuma kama mkia, akavuka barabara. Wasichana wa kwetu hupanda basi na rola kwenye paji la uso, mchana kweupe, na hakuna anayegeuka. Lakini rola ni ya wenye umri wa rola. Mwanamke wa makamo mwenye mpini kichwani aligeukiwa na soko zima, pamoja na paka wa Mama Gilsu.

Mkurugenzi alikuwa akinywa chai.

"Karibu," akasema. "Umenirudishia shuka langu, au umeniletea brashi?"

"Itoe."

"Naona umechagua ndogo."

"Itoe, nimesema."

"Ninaweza kukata nywele, ikatoka sasa hivi. Utabaki na shimo hapa, saizi ya kikombe."

Okrye akakaa kwenye kiti cha saluni. "Mkurugenzi, leo ni leo. Mwanangu ananionea haya tayari. Usinitoe na shimo."

Hapo Mkurugenzi akaweka chai chini. Nampa haki yake, mdomo ule unajua kufunga. Akamwita Mama Gilsu aje na koleo lake la kutolea miiba ya samaki, wakainama wawili juu ya kile kisogo, wakaanza kuinyonyoa brashi manyoya yake, unyoya baada ya unyoya, kama wanaosafisha kuku. Ilipobaki kijiti kitupu, ikateleza yenyewe ikatoka. Nywele zikabaki zote, na manyoya kadhaa ya nguruwe yakabaki nazo kama wageni wasiotaka kuaga.

"Treni yao imeshaingia," Mama Gilsu akasema. "Nimeisikia."

Mkurugenzi akashusha ile brashi ya kati ukutani. Utosi ukapanda, ukakaa, ukapendeza kwelikweli. Nyuma, lakini, penye mafuta, hakuna draya inayoweza kuumusha kitu, na nafasi ya kuosha haikuwapo.

"Sikiliza, Mama Haein. Juu nimekupa mlima, nyuma una uwanja wa mpira. Usimgeuzie mtu mgongo."

Okrye alilichukua neno hilo kama amri ya serikali.

Hoteli ilikuwa ile ya vyumba vya kukaa sakafuni, yenye meza ndefu. Kila mtu anajua nafasi ya ndani, inayoupa ukuta mgongo na kutazama mlango, ni ya mwenye heshima kubwa, na wageni waliosafiri ndio waliostahili. Na kila mtu anajua haikaliwi hivihivi. Unasukumwa, unakataa, unasukuma mwenzako, naye anakataa, mnafanya hivyo hadi chakula kinakaribia kupoa, ndipo mmoja anakaa akilalamika. Wakwe walikuwa wamesimama mlangoni tayari kwa kusukumana.

Okrye akaingia ubavuubavu kama kaa, mgongo kwenye ukuta, akapita mbele yao wote, akaenda moja kwa moja kukaa ndani.

Haein akabadilika rangi. Mama Junmo, mwenye nywele zake za Seoul zilizoumuka juu na nyuma, akajikuta amekaa upande wa mlango, panapopita upepo na mhudumu wa sahani. Akamtazama huyu mwanamke asiyesukumwa wala kukataa. Akaona ule utosi uliosimama. Akafikiri, kumbe huku kusini kuna watu wakubwa ambao hawakutajwa.

"Humu pananukia ufuta mzuri," akasema Baba Junmo, mstaafu wa benki, akijaribu kuokoa hali.

"Ni chakula," Okrye akajibu. Chakula kilikuwa hakijaletwa.

Inasemekana Mama Junmo alikuja na maneno yake yote kuhusu zawadi zinazotoka kwa upande wa bibi harusi: matandiko ya hariri, vyombo vya kulia, vijiko vya fedha. Sasa akayapunguza moja moja.

"Mkwe, sisi hatuna makuu. Vijiko vya fedha siku hizi nani anavitumia?"

"Sawa," Okrye akasema. Alikuwa akiwaza kama ule ukuta utaingia mafuta.

"Na matandiko, watoto wenyewe wanapenda ya kawaida."

"Sawa."

Kila "sawa" ilitua mezani kama muhuri. Mwisho yule mama akaanza kuahidi vitu vya upande wake, bila kuulizwa na mtu.

Wakala, wakanywa maji ya mdalasini, yakaisha. Wakati wa kuondoka ukafika, na hakuna anayeweza kusimama kabla ya aliyekaa ndani. Aliyekaa ndani hakusimama. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, lakini alikuwa tayari kukaa hapo mpaka msimu wa kuchachusha kabichi. Baba Junmo akatazama saa. Mama Junmo akaanza kujiuliza amemkosea wapi.

Haein akasogea kwa magoti hadi kwa mama yake, akamnong'oneza. "Mama, treni yao."

"Watangulie."

"Watatanguliaje na wewe uko ndani? Una nini?"

Okrye akatazama meza. "Kisogo."

Haein akachungulia. Akaona ule uwanja wa mpira, mafuta yanang'aa, na manyoya ya nguruwe yamesimama mawili matatu. Okrye akangoja ile sauti ya "najua".

Kichwa cha Haein mwenyewe ni cha duara kama chungwa, wasusi wa Seoul hukisifia. Hakikuumbika hivyo chenyewe. Alipokuwa mchanga mama yake hakumlaza chali hata siku moja. Alimfunga mgongoni akakata kabichi, na akilala alikuwa akimgeuza upande huu, upande ule, kazi haiendi, wateja wanasubiri. Soko lote lilimcheka. Haein hadithi hiyo aliisikia tangu utotoni hadi akaichoka.

Haein akasimama. Akaenda nyuma ya mama yake, pale palipobaki nafasi ndogo ya ukuta, akaweka kiganja chake chote juu ya kile kisogo chenye mafuta, akamshika mkono kwa mkono wake mwingine, akamnyanyua.

"Baba," akamwambia baba yake Junmo, "ile harufu ya ufuta ni ya mama yangu. Anakamua mwenyewe. Ana duka la vitoweo sokoni, mkipita mtabebeshwa kabichi."

Wakatoka hivyo hadi nje, mama mbele, binti nyuma na kiganja kichwani, hakukiondoa hata kwenye ngazi. Mama Junmo mpaka leo anasimulia kule Seoul kwamba huku kusini mabinti wanawaheshimu mama zao kwa namna ambayo kwao imeshasahaulika. Mwacheni aamini.

Harusi imepita. Siku ile Okrye alipigwa brashi na Mkurugenzi, ya kati, na wote wawili walijifanya hakuna lililowahi kutokea. Ile brashi kipara iko dukani, anatwangia saumu. Shuka la saluni hajalirudisha.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa bure, umekaa tu, mkono ulioniuma ni wangu. Asante yako baki nayo. Nenda duka la vipodozi uniletee brashi ya duara, ya kati, mpini wa mbao, manyoya ya nguruwe na nailoni kidogo. Nani alikwambia mwenye nywele nyembamba ni Okrye peke yake? Na ukiniletea ile kubwa ya bati, nitajua kwamba hukusoma.