Mtoto wa Unga

Florida hakutaka kwenda, na tuseme ukweli, ni nani mwenye akili zake anayeomba ruhusa kazini ili akavute mkokoteni juani siku tatu? Lakini kanisa lao lina desturi hiyo. Kila baada ya miaka minne vijana huvishwa magauni marefu na kofia pana, hupelekwa shambani nje ya mji, na huko huvuta mikokoteni ya mbao kuwakumbuka waanzilishi wa kanisa waliovuka nyika kwa miguu. Kila vijana wanane hupewa mtu mzima wa kuwa mama yao, wakawa familia moja. Joselyne, binti yake wa miaka kumi na mitano, alimsihi wiki nzima, na Florida akakubali kwa shingo upande.

Asubuhi yoyote unaweza kumwona huko Highview, kusini mwa Louisville, amesimama mbele ya maghorofa na mfuko wake wa chakula, akisubiri gari la wenzake. Ana miaka kumi na minne ya kufunga maboksi ghalani, wala hajachelewa hata siku moja. Ukimuuliza habari za Burundi atakwambia walitoka mwaka tisini na tatu, wakakaa kambini Tanzania, Mungu akawaleta Amerika. Basi, hapo amemaliza.

Asubuhi ya kwanza shambani, kila familia ilipewa mtoto: mfuko wa unga wa ngano uliofungwa blanketi na kuchorwa macho kwa kalamu. Vijana wa Louisville na wenzao waliotoka Columbus walianza kurushiana watoto kama mipira. Florida akaupokea wa kwake, akainama, akauweka mgongoni na kuufunga kwa kitenge bila hata kufikiri. Vijana wakacheka, wakampiga picha. Joselyne akaona fahari, maana kati ya mama wote wa pale ni wake tu aliyejua kazi.

Siku ya pili, saa sita mchana, Sylveri akaja na karatasi yake. Huyu ndiye kiongozi wa vijana, Mrundi mwenzao, lakini yeye alizaliwa kambini; njia ya kufika kambini aliisikia tu. Ni mtu mwema, ana bidii mpaka inachosha.

"Dada Florida," akasema kwa sauti ya msiba aliyokuwa ameifanyia mazoezi, "familia yako imefiwa. Mtoto wenu amekufa kwa baridi. Mtamchimbia kaburi hapa kando ya njia, mtaimba, kisha mtaendelea na safari."

"Baridi gani?" akauliza kijana mmoja, jasho likimtiririka, na wenzake wakaangua kicheko.

Florida hakucheka. "Huyu hajafa," akasema.

"Ndivyo ilivyopangwa, dada. Familia tatu zitafiwa leo."

"Nimekwambia hajafa. Niondokee!"

Sylveri akatabasamu, akidhani anaigiza, tena anaigiza vizuri. Joselyne, aibu imemjaa, akaja kwa nyuma ya mama yake na kuanza kulifungua fundo la kitenge. Florida akageuka, akamzaba kofi la uso. Tangu amzae hakuwahi kumpiga.

Waliachwa wawili kwenye kivuli cha mkokoteni. Joselyne alilia, akamuuliza kwa Kiingereza ana wazimu gani. Florida akamsimulia bila kumtazama.

"Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yako alimbeba mjomba wako Samsoni mgongoni, na mzigo kichwani. Mimi nikapewa Dionizi, mdogo wetu. Alikuwa na miezi minane. Tulitembea siku tatu, watu wakasukumana, mama akabaki nyuma. Dionizi analia tu. Mwanamume mmoja akaniambia, wewe mtoto, huyo atatuletea askari. Nikamfungua, nikamlaza kwenye majani, nikakimbia. Mama alinikuta kesho yake mtoni, Malagarasi, mpakani mwa Tanzania. Nikamwambia alikufa, watu wakanisaidia kumzika."

"Kumbe alikuwa hai?"

"Alikuwa analia, Joselyne. Nilimsikia mpaka nikawa simsikii tena."

Joselyne akafuta uso. "Bibi anajua?"

Florida akatikisa kichwa. Na hilo hasa ndilo lililokuwa likimla zaidi ya miaka thelathini. Bibi Delfina sasa amezeeka, moyo wake unaenda kwa vidonge, anaishi na Samsoni huko Black Rock, Buffalo. Florida aliogopa kumuua kwa habari hiyo, na aliogopa vilevile kuja kumzika kabla hajamwambia.

Jumamosi iliyofuata wakashika njia ya Buffalo, yeye na binti yake. Columbus walisimama kuweka mafuta, na Florida akakaa na usukani mkononi, akashindwa kuwasha gari.

"Turudi," akasema. "Atakufa mikononi mwangu."

Tangu lile kofi Joselyne hakuwa msemaji. Safari hii akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Twende, mama. Mimi niko."

Walimkuta Bibi Delfina jikoni, peke yake, akichambua maharage kwenye sinia. Samsoni alikuwa kiwandani. Florida hakungoja hata kuulizwa habari za safari. Akapiga magoti, akayasema yote: yule mwanamume, majani, uwongo wa kaburi. Alisema haraka, macho sakafuni, akisubiri kusikia kilio au kitu kikianguka.

Alipoinua uso, mama yake bado alikuwa akichambua maharage, polepole, ingawa yaliyobaki yote yalikuwa safi.

"Ulimlaza kwenye kile kitambaa cha njano," Bibi akasema.

Florida hakuwa ametaja kitambaa.

"Mama?"

"Miaka yote hii nimeogopa utaniuliza nilipita njia gani." Bibi akaacha maharage. "Nilipita hiyohiyo, mwanangu. Nilimkuta. Nilikuwa na Samsoni mgongoni, na askari tunawasikia. Alikuwa analia bado. Aliponiona akanyamaza, akaninyooshea mikono, akadhani nimemjia."

Joselyne akamshika mama yake bega.

"Nikapita," Bibi akasema.