Mpunga wa Kwanza Bondeni Muyinga

Siku ya kwanza ya kazi nilishuka Muyinga na basi ya Gitega, viatu vipya, diplome ya shule ya Mushasha ndani ya mfuko. Nilikuwa sekretere wa koperative mpya ya mpunga. Prezida, Mama Zaina, alikulia Tanzania. Aliniangalia miguu tu. "Mwanangu, hapa tunaingia matopeni. Vua."

Bon. Mpunga inaanza kwa pepinyeri, yaani kitalu: mbegu inaota pale, halafu miche inahamishwa bondeni. Ikichelewa inazeeka, haizai. Ya kwetu ilibakiza wiki moja izeeke, na mbegu ingine haiko. Ikiharibika, koperative inakufa kabla ya kuzaliwa.

Na mi sijui kungoja! Wenye mashamba walishakubali kwa mdomo kuyaunganisha. Donc asubuhi nikapima na kamba, nikapiga vijiti pembe zote, peke yangu. Saa sita narudi: vijiti vyote vimeng'olewa, vimepangwa kama kuni za kuuza. Mzee Bonifasi, mwenye shamba la katikati, amevikalia.

"Mzee, nani ameng'oa?"

"Mi. We umepima shamba ya nani?"

"Yenu! Si mlikubali?"

"Tulikubali. Nani amekunywa?"

Kwetu mpaka wa shamba bila urwarwa, pombe ya ndizi, kunywewa mbele ya majirani, si mpaka. Nilijua tangu utoto! Haraka ilinisahaulisha.

Mama Zaina alicheka mpaka akashika kiuno. "Sekretere, katafute pombe. Na sisi Waislamu utuletee mutobe, ile juisi ya ndizi isiyochacha."

Nilizunguka kilima nzima siku nne na bidoni, dumu la plastiki, kichwani. Kesho yake walikunywa, wakanitania, kisha kila mtu akapiga kijiti chake mwenyewe. Miche ilibakiza siku mbili. Tulipanda wote, hata prezida, matope mpaka magotini. Ikashika!

Mpunga ilipotoa masuke, ndege wakaja. Kila familia ikajenga kibanda kando ya bonde kuwafukuza. Baada ya kuvuna nikapita na kaye yangu, daftari la hesabu: "Mzee Bonifasi, ndege wameenda. Bomoa, tulime hapa."

"Nibomoe niende wapi? Kule juu kwangu naongea na mbuzi. Hapa nimepata majirani."

Mwezi uliofuata akatia kibanda mategula, vigae vya udongo. Wengine wakafuata.

Wiki hii nimeacha kazi Muyinga, naenda Ryansoro kuanzisha koperative ingine. Watu wananipongeza eti mi njo nilianzisha kijiji. Mais jamani, mi njo nilisema kibomolewe!