Kitufe cha Kukataa

Nthenya Masila hushona mifuko ya suruali. Si suruali nzima, mifuko tu, katika kiwanda kimoja cha nguo pale EPZ Athi River, na Jumamosi jioni hurudi kwao Mumbuni vidole vikimuuma. Wako watu hapa mjini wanaosema ana kiburi. Kiburi anacho. Mimi ni rafiki yake na kimenichosha mara nyingi, lakini safari hii nitamtetea.

Mwanamke huyu alitunga mchezo, akauita Nchi ya Kiu. Hauna ubao wala karata. Una kitabu, dadu na midomo ya watu. Mmoja husimulia, na kila mchezaji ana mhusika wake anayeswaga mifugo kutafuta maji wakati wa kiangazi kikali. Ukitaka kuvuka korongo unasema utalivukaje, unarusha dadu, kisha msimulizi anakuambia kama umevuka au umevunjika mguu. Tumeucheza miaka mingi, Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya duka langu la dawa za mifugo. Ayanle, anayenunua na kuuza mbuzi sokoni na ni mtu mwaminifu kabisa, hataki kuwa mhusika mwingine yeyote ila mwizi wa mbuzi.

Moyo wa mchezo ni mwethya. Kwetu Ukambani, watu wakiitana mwethya kuchimba matuta au kumjengea jirani, unakwenda na jembe lako. Unaweza kuchelewa, unaweza kwenda umenuna, lakini unakwenda. Nthenya aliuweka hivyo hivyo kitabuni: mchezaji akikwama na kuita mwethya, wengine wote wanaacha safari zao na kumrushia dadu zao. Hakuna kujadiliana. Watu wamelia kwa hasira kwenye meza yangu kwa sababu ya sheria hiyo, na Jumapili iliyofuata wamerudi.

Kitabu kilikuwa kikipigwa chapa na mzee Ndolo, hadi alipouza mashine zake. Nyimbo za kanisa zimehamia kwenye simu, kadi za harusi nazo ziko kwenye simu. Nani angempelekea kazi? Nakala zilizobaki zikapigwa fotokopi, na fotokopi zikapigwa fotokopi, mpaka ramani ikawa doa. Wachezaji wa Tala na Kitui wakawa na swali moja tu: iko kwa simu? Haikuwa. Mchezo ulikuwa unakufa na sote tuliliona hilo.

Ndipo kampuni moja changa ya michezo ya simu, huko upande wa Konza, ikamwita. Walitaka kuugeuza uwe apu, na malipo yao yangemwezesha kuacha kushona. Tulikwenda watatu, yeye, Ayanle na mimi. Msichana wa kampuni, Pauline, akatupa kila mmoja simu.

Ilikuwa nzuri, sitadanganya. Vumbi liliinuka kweli, dadu ilijirusha yenyewe. Nthenya aliona mbuzi aliowaandika kwa kalamu wakitembea, akajifuta machozi kwa kiganja. Tukaanza kucheza. Punde mhusika wake akatumbukia kisimani, akaita mwethya. Kwenye simu zetu vikatokea vitufe viwili, Kubali na Kataa. Mimi nikabonyeza Kubali. Mbuzi wa Ayanle walikuwa wamebakiza kidogo tu kufika majini, naye akabonyeza Kataa huku akicheka. Dadu yangu peke yake haikutosha. Mhusika wa Nthenya akafa palepale, na simu ikamtakia bahati njema safari ijayo.

"Ayanle," Nthenya akasema, "miaka hii yote hujawahi kuniacha kwa kisima."

Ayanle hakuwa anacheka tena. "Kitufe kilikuwa hapo, dada. Kidole kilienda tu chenyewe."

Nthenya akamgeukia Pauline. "Hii ya Kataa, toa."

"Dada, watu wanapenda kuchagua," Pauline akajibu kwa upole. "Na kama mtu bando imeisha? Wengine watangoja mpaka lini?"

"Wangoje. Kwa mwethya watu hungojana."

"Mimi pia ni Mkamba, mwethya naijua. Lakini hii ni game. Na mkataba unasema mambo ya sheria ni kampuni itaamua."

"Basi tafuteni game yenu. Hii ni yangu."

Akaweka simu mezani na kutoka nje. Nilimgombeza njia nzima. Nilimwambia kitufe hakijawahi kuua mtu, na kwamba kiburi hakilipi kodi ya nyumba. Nilimkasirikia kwa dhati, maana nilitaka aachane na ile mifuko ya suruali.

Alichofanya baadaye hakuniuliza. Alianza kukiandika upya kitabu kwenye simu yake, wakati wa chakula cha mchana kiwandani, wenzake wakila chakula, yeye akila sentensi zake. Ayanle, kwa aibu, akaandika sura yote ya visima. Kilipokamilika Nthenya alikituma bure kwenye makundi ya WhatsApp, na ukurasa wa kwanza ukasema: chukua, cheza, mpe mwenzako, na mwethya haukataliwi. Kikafika Tala, Kitui na kwa watu tusiowajua. Wanacheza kwa kupigiana simu, kila mtu na dadu yake, na aliyeishiwa bando anangojwa.

Jumapili moja tukiwa mezani Pauline akapiga simu. Nthenya akaweka sauti ya juu ili tusikie.

"Dada, wakubwa wamekubali. Kitufe kitatoka. Lakini hiyo kitabu uitoe kwa hizo group, na uambie watu wafute. Hatuwezi kuuza kitu watu wako nayo bure."

"Kubali," nikamnong'oneza. Nilitamani sana akubali.

"Mama Ngui, nyamaza kidogo," akaniambia. Kisha akaiinamia simu. "Pauline, leo mmetoa kitufe. Kesho mtarudisha, na mimi nitakuwa nimeshatia sahihi."

"Lakini sasa hakuna mtu atakulipa. Hata kampuni ingine."

Nthenya aliangalia vidole vyake, na nikaona machozi yakimlengalenga.

"Najua," akasema. "Kesho nitaamka niende kushona, na ninachukia hiyo kazi. Lakini hakuna mtu ataachwa kwa kisima kwa ruhusa yangu."