Uzio Uliofika Mtaroni

Mtaro ulio juu ya nyumba ya dada yangu haujazibuliwa mwaka huu. Tumefika mwisho wa Februari, mawingu yameanza kukaa upande wa msitu wa Ngorongoro kila alasiri, na mzee Hhando, baba mkwe wake, ananiuliza kila Jumapili tukitoka misani, "Binti, ule mtaro lini?" Namjibu kwamba bado tuna msiba. Ni kweli, lakini si jibu lote. Dada Lukresia tulimzika mwezi wa Agosti. Kabla sijasema kama nililishika jembe au nililiacha, nataka kueleza alivyoishi katika uwanja ule, hasa mwaka wa themanini, kwa sababu wanaomsifu leo wanasifu jambo ambalo yeye mwenyewe hakulipenda.

Nyumba iko Kansay, kwenye mstari wa viwanja vilivyopimwa mwaka wa sabini na tano, watu walipohamishiwa vijijini. Thomasi, mume wa dada, alitoka kwenye kilima cha baba yake, ambako maji hayakuwahi kumsumbua mtu. Kiwanja alichopewa kilikuwa chini ya korongo. Wakati wa kiangazi hapo ni vumbi na mbigili tu. Masika yakianza, maji ya kilima chote hutafuta njia moja ya kushukia, na njia hiyo inapita katikati ya nyumba yake ya miti na udongo. Kwa hiyo alichimba mtaro juu ya uwanja, kama hatua arobaini kutoka kwenye uzio wa minyaa, akaupindisha upeleke maji pembeni. Mtaro huo ulikuwa nje, mahali pa malisho ya wote, na ng'ombe wa kijiji walipita juu yake kila siku. Ikifika Februari ulikuwa umejaa udongo, samadi na nyasi, na Thomasi aliuzibua.

Kazi ya dada ilikuwa ndani ya uzio. Alifyeka nyasi kavu zisilete moto, aling'oa mbigili kabla hazijamwaga mbegu, alipunguza minyaa, kisha akafagia uwanja wote mpaka ukabaki udongo mtupu ambao hata nyoka mdogo huonekana akipita. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo masista wa parokia walikuwa wamemwahidi nafasi katika chumba cha ushonaji, na cherehani alikuwa ameshaizoea. Hakuizungumzia sana. Alifagia.

Desemba ya sabini na tisa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaenda kumsaidia kumuuguza Thomasi aliyekuwa na homa ya mapafu. Alifariki siku ya tano tangu nifike. Wakati huo Blandina, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka miwili.

Kwetu Wairaqw kifo kama hicho huleta metimani, yaani nyumba inatengwa. Waliolala chini ya paa lile wakati wa kifo hawachanganyiki na watu wala mifugo ya wengine, wasije wakawaambukiza msiba. Padri alikuwa akihubiri dhidi ya desturi hiyo, na watu walimsikiliza kwa heshima, wakarudi nyumbani wakaendelea nayo. Baada ya maziko mzee Hhando alisimama mbali, fimbo mkononi, akatupangia. Tungechota maji chini kabisa ya kijito, saa sita mchana wakati hakuna mtu, kwa kijia kimoja cha nyuma. Upande wa juu tusikanyage. Mpaka masika yapite.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi ni mgeni tu, baba."

"Ulilala wapi siku ile?"

"Hapa."

"Basi wewe ni wa hapa. Ukitaka kwenda kwa mama yako, nenda. Mpelekee na metimani."

Sikwenda. Nilikuwa nikisubiri matokeo ya mtihani, na sikujua yangenifikiaje. Siku za kwanza nilisali rozari nyingi nikitembea kando ya uzio, mpaka dada akaniambia nimemchimbia njia kwenye uwanja wake.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa manyunyu tu. Januari jua likakausha kila kitu. Asubuhi moja dada alisimama kwenye minyaa ya juu, akautazama mtaro. Ulikuwa umejaa hadi ukingoni.

Hhando alipopita na ng'ombe wake mbali kule juu, dada alimwita.

"Baba, mtaro umeziba."

"Nauona."

"Nani atauzibua?"

Mzee aliwatazama ng'ombe wake. Nadhani jambo hilo lilimuumiza, maana nyumba ilikuwa ya mwanawe. "Mimi nikiweka mkono kwenye kazi ya nyumba yenu, ng'ombe wangu wote wameguswa. Hakuna jirani atakayeweka. Nanyi hamwezi kutoka."

"Na masika yakija?"

"Mwombe Mungu. Si mnaye mwanafunzi hapo wa kuwaongoza?"

Nililichukua kama agizo. Niliamua kwamba ifikapo Machi nitasali novena, ile sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa nyumba, ili nyumba ya dada isimame. Ukuta wa udongo ukilowa chini huanguka wote kwa pamoja, na sisi tulikuwa ndani tukiwa na mtoto, bila ruhusa ya kukimbilia kwa mtu.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kupunguza minyaa. Dada alivaa kofia ya Thomasi, akajifunga kanga usoni yakabaki macho tu, kwa sababu utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Alikata matawi yaliyozidi, akayaacha yakauke jeraha siku chache, kama ilivyo desturi. Kwa kawaida vijiti hivyo huzibia mapengo. Safari hii alipiga magoti kwenye mpaka, magoti ndani, mikono nje, akavichomeka mbele yake kadiri mikono ilivyofika. Akang'oa mche mmoja wa zamani nyuma yake. Akachukua ufagio, akafagia kile kipande kipya mpaka kikalingana na uwanja.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nafagia uwanja."

"Jana huo haukuwa uwanja."

"Leo umefagiwa. Umewahi kuona mtu anafagia porini?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Boma la mtu huishia pale ufagio wake unapoishia, na ndiyo maana jirani hafagii hata hatua moja upande wa mwenzake. Hata hivyo nilimwambia kwamba huo ni ujanja, na kwamba mbele ya Mungu ujanja ni ujanja.

"Basi wewe kaa ndani ya uwanja wa jana," akasema.

Nilikaa siku mbili. Ya tatu nilianza kumbebea vijiti.

Tulikwenda hatua moja kwa siku, siku nyingine mbili. Uwanja ulitoa ulimi mwembamba, upana wa watu watatu, ukapanda kuelekea korongo. Vijiti upande huu, vijiti upande ule, katikati pamefagiwa. Wachungaji waliokuwa wakipita pale wakaanza kupisha, maana hakuna aliyetaka kuukaribia uzio wa watu wa metimani. Kila uzio uliposogea, njia ya ng'ombe nayo ilisogea. Hakuna aliyeweza kuja kumzuia dada, kwa sababu kumzuia kungetaka asogelewe. Hilo lilimchekesha dada, mara ya kwanza tangu mazishi.

Piusi, jirani wa kiwanja cha pili, aliweka mikono mdomoni akaita kutoka kwake, "Shemeji Lukresia, ukifika kwangu piga hodi."

"Nikifika kwako utahama mwenyewe."

"Nihamie wapi tena? Juzijuzi tu nimehamishwa."

Katikati ya Februari Hhando alikuja, akasimama mbali akiegemea fimbo. Aliutazama ulimi ule tangu mwanzo hadi mwisho.

"Lukresia. Huo uzio una miguu?"

"Hauna, baba. Unanisogelea tu."

"Umetoka nje?"

"Njoo uangalie nyayo zangu kama kuna hata moja nje ya minyaa."

Alijua hawezi kuja. Alizungukazunguka akiinama, akachunguza udongo kutoka mbali kama mtu anayetafuta ndama. Hakuona unyayo. Mwisho akasema, "Ufagie vizuri basi," akaenda zake. Tangu siku hiyo wachungaji wake walipitisha ng'ombe mbali zaidi.

Mimi niliharakisha. Nilihesabu hatua zilizobaki na siku zilizobaki, nikawa ndiye ninayemwamsha dada asubuhi. Sikugundua kwamba yeye alikuwa hatazami mtaro kabisa. Aliketi mwisho wa ulimi, mahali palipofagiwa siku ile, akatazama mbele, kilimani, upande wa kwa mama yetu. Nilifikiri anapumzika.

Tulifika mtaroni tarehe tano Machi. Dada alipanua uzio kushoto na kulia mpaka mtaro wote ukawa ndani, kisha tukachimba siku nne, sisi wawili kwa jembe moja tukipokezana, Blandina akichezea udongo tuliotupa. Tarehe kumi nilianza novena yangu. Siku ya saba, alasiri, mvua ilinyesha huko juu kabla haijatufikia. Tulisikia korongo likinguruma. Maji yakatokeza, mekundu, yamebeba matawi na kinyesi cha ng'ombe na kiatu kimoja cha tairi, yakaugonga mtaro, yakapanda, yakasita, yakageuka. Yalipita pembeni yote. Uwanja ulipata matone ya mvua tu.

Nilipiga magoti kwenye tope nikamshukuru Mtakatifu Yosefu kwa sauti.

"Imesimama, dada," nikasema.

"Naona," akasema. Akaingia ndani, akaketi kitandani na kofia ya Thomasi kichwani, akakaa hivyo mpaka mvua ikakatika. Nilifikiri ni uchovu.

Juni wazee walikuja kututoa metimani. Ilipikwa pombe, tukaoshwa, tukapewa mikono na kila mtu. Mimi barua yangu ya chuo cha ualimu ilikuwa imekaa kwa mama tangu Aprili, na niliondoka wiki ileile. Lakini kabla sijaondoka nilimsikia Hhando akisema mbele ya kijiji kizima, "Mwanamke aliyeutembeza uzio mpaka mtaroni, nani atasema nyumba ya mwanangu si yake? Hatoki hapa mpaka azeeke." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu. Mama yetu, aliyekuwa amekuja na kanga mpya ya kumchukua binti yake arudi nyumbani, aliikunja kanga akaiweka mapajani.

Dada alikaa miaka minane mingine katika uwanja ule. Alimlea Blandina, alifyeka, aling'oa mbigili, alipunguza minyaa, alizibua mtaro kila Februari. Mimi nilipata kituo cha kazi Karatu, nikawa namtembelea kwa likizo. Kila nilipokuja nilimkuta na ufagio. Wageni waliopita walionyeshwa ulimi ule, kwa sababu minyaa ilikuwa imeshapita urefu wa mtu, na ukiwa ndani yake unaona mbingu tu.

Julai mwaka jana, alipokuwa mgonjwa wa kitandani, nilimkumbusha siku ile ya maji ili kumfurahisha. Nikamwambia sala yangu ilijibiwa.

"Najua ulikuwa unasali nyumba isimame," akasema. "Nilikusikia kila siku."

"Wewe hukusali?"

"Sikujua niombe nini. Ikianguka, wangesema mjane hana nyumba, arudi kwao. Ningerudi kwa mama, labda na kwenye cherehani." Alipumzika kidogo. "Lakini ndani mlikuwa mmelala wewe na mtoto. Ningeombaje ianguke?"

"Kwa hiyo ulikuwa unachimba kwa ajili yetu."

"Kuchimba, ndiyo. Kutembeza uzio, hapana. Uzio niliutembeza kwa sababu kila siku nilitoka hatua moja. Kama mtaro usingekuwepo ningeufikisha kwa mama."

Nilimfagilia uwanja, maana ndicho pekee alichoniomba, na nilipomaliza alikuwa amesinzia. Aliishi wiki tatu zaidi. Tulimzika ndani ya ulimi, karibu na mtaro. Hhando ndiye aliyechagua mahali, na alilia kuliko wote. Simlaumu. Alimpenda.

Blandina sasa ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Baada ya arobaini mzee aliniambia mtoto abaki Kansay. "Nyumba haikai bila ufagio," alisema. "Ataanza kidogokidogo. Mwaka huu wewe msaidie mtaro, mwakani ataweza mwenyewe." Ndiyo maana ananiuliza kila Jumapili nikija kumwona mtoto. Mtaro ukizibuliwa, nyumba itasimama, na nyumba ikisimama, kuna mtu wa kuikalia.

Jana Jumamosi nilipanda na jembe. Blandina alinifuata na ufagio wa mama yake, bila kutumwa, akaanza kufagia kando ya kaburi. Mtaro umejaa hadi ukingoni. Nilisali nikiwa nimesimama. Niliomba kusamehewa kwa ile novena, ingawa sijui kama ilikuwa dhambi, kisha nikampa mtoto jembe ashike, nikachukua panga. Nilikata pengo kwenye minyaa ya mwisho, upande wa kilimani, pana la kupitisha mtu na mzigo. Utomvu ulitiririka kama maziwa, nikamwambia asimame mbali, afumbe macho.

"Tutalizibaje hili pengo, mama mdogo?" akaniuliza.

"Hatulizibi. Kalete nguo zako."

Leo baada ya misa nimemweleza mzee Hhando kwamba mtaro sitauzibua, na kwamba mtoto yuko kwa bibi yake, mama yangu. Alinitazama muda mrefu. Halafu akatazama mawingu.