Nyundo ya Learco na Ngurumo za Zizi Namba Saba

Saa mbili asubuhi, ndani ya ghala la jibini kando ya mto Enza, Learco Bondavalli anasimama mbele ya rafu zinazofika darini, nyundo ndogo ya chuma mkononi. Anagonga gurudumu la jibini mara tatu, anainamisha sikio la kulia, anangoja. Kisha anahamia kwa jingine.

Sikio la kulia, kwa sababu la kushoto halimtii tena.

"Jibini zima hujibu kwa sauti ileile popote uligongapo," asema bila kugeuka. "Lenye pango ndani husema uongo. Kazi yangu ni kumkamata mwongo kabla hajapigwa chapa ya ubora."

Bwana Bondavalli ana umri wa miaka hamsini na tisa. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameipitisha hapa, akigonga magurudumu mia tatu kila asubuhi kwa mshahara wa euro 1,700 kwa mwezi. Lakini kila Alhamisi jioni hushika kipaza sauti. Yeye ndiye mnenaji wa Zizi Namba Saba, bendi ya roki ya watu wanne iliyojipa jina la zizi la ng'ombe inamofanyia mazoezi.

Haimbi. Hunena mashairi aliyoyatunga mwenyewe, kwa sauti kavu ya mtu asomaye majina ya marehemu, huku magitaa yakinguruma nyuma yake. Katika nchi ya Emilia, kaskazini mwa Italia, hilo si ajabu. Watu huuliza tu kama maneno yana uzito. Ya kwake yanao:

*Miaka thelathini nabisha mlango wa maziwa,*
*na walio ndani hunijibu kwa sauti moja:*
*tuache, hatujakomaa.*

Mwezi Machi, katika sikukuu ya parokia, mwenye ghala, Bi. Nives Grasselli, alipasua gurudumu mbele ya wageni waliokwisha kushika maandazi yao ya chumvi. Ndani mlikuwa na pango la kuingia ngumi. Daftari lilionyesha kwamba Bwana Bondavalli ndiye aliyelipitisha, Ijumaa moja ya mwaka uliotangulia.

Wageni walicheka. Angeweza kunyamaza, kwa maana hata fundi mwema hupitiwa, na hakuna aliyemshitaki. Hakunyamaza. Jumatatu aliingia ofisini, akavua kofia, akakiri kwamba asubuhi ile, baada ya mazoezi ya bendi, sikio lake lilikuwa likivuma kama nyuki ndani ya chupa.

"Na ukagonga hivyohivyo?" akauliza Bi. Grasselli.

"Nikagonga."

"Learco, punda mzee we! Sikio hilo nalilipia mimi, si hao wapiga mabati wako. Chagua: nyundo au makelele. Nakupa mpaka zabibu zivunwe."

Daktari naye hakumbembeleza. Theluthi ya usikivu wa sikio la kushoto imepotea na haitarudi; la kulia litafuata asipojihadhari. Bwana Bondavalli alijaribu vizibo vya nta masikioni. Lakini mnenaji huishi katika nafasi zilizo baina ya mapigo ya ngoma, naye kila mara alijikuta ametangulia au amechelewa.

Aliyemjia ghalani kumsihi aache jibini ni Ivonne Zaniboni, mpiga ngoma wa bendi, ambaye mchana hutengeneza matrekta.

"Babu, jibini hata mashine itagonga," alimwambia. "Maneno yako nani atayanena?"

"Basi pigeni polepole."

"Roki ya kunong'ona? Si afadhali tukaimbe ubatizo!"

Bwana Bondavalli alimpa nyundo. Ivonne akagonga la kwanza, la pili, la tatu. Yote yakawa mamoja masikioni mwake. Alipofika la kumi na moja akasita, akaligonga tena.

"Hili… kama lina mtu ndani."

"Umemsikia? Sasa fikiri kutomsikia tena."

Binti huyo aliondoka bila mzaha wowote, jambo ambalo, kwa ushuhuda wa wenzake, halijapata kutokea.

Alhamisi iliyofuata alikuja zizini na brashi za kupigia ngoma badala ya fimbo. Sheria ikawekwa: kipande cha ubao hukaa kando ya kipaza sauti, na Bwana Bondavalli hukigonga kwa nyundo katikati ya kila wimbo. Asipousikia mlio huo, wote hupunguza sauti. Mpiga gitaa alinuna majuma mawili. Kisha akakiri kwamba sasa, baada ya miaka sita pamoja, ameyasikia mashairi.

Zabibu za kwanza zimeanza kukatwa. Jumapili ya mwisho ya Septemba bendi itapiga humu humu ghalani, katikati ya magurudumu elfu nne. Bi. Grasselli ameruhusu kwa sharti moja: atasimama mwenyewe mlangoni, kwenye rafu ya mwisho, akigonga jibini. "Nisipolisikia linavyojibu," asema, "nakata umeme, na huyo punda anachagua palepale."

Bwana Bondavalli ameliona sharti hilo kuwa la haki. Imebaki miaka mitatu astaafu.

"Siku nitakapoiweka nyundo chini," asema, "niiweke kwa kuwa nimemaliza, si kwa kuwa sisikii."

Anagonga gurudumu jingine. Anainamisha sikio la kulia, anangoja.